Picha ya Kifua cha Bosi

Ndugu wananchi, wasomaji watukufu, natangaza rasmi kwamba mimi, mtoto wa kwanza katika nyumba yetu, niliokoa maisha ya mdogo wangu kwa akili, elimu na ushujaa.

Mama amesoma sentensi hiyo na kunirudishia karatasi. Kwa hiyo naipunguza kidogo: nilikuwepo.

Sisi ni familia ya picha. Baba ana studio ndogo ya picha za pasipoti na vitambulisho. Tunaishi nyuma ya studio hiyo, na kati ya kazi na kitanda kuna pazia moja tu. Mbele kuna kigoda, taa mbili, kitambaa cheupe ukutani na koti la kuwaazima wateja. Baba hupiga, Mama hukata kwa mkasi na kutia kwenye bahasha. Mteja akikaa tu, Baba humwambia, "Inua kidevu. Tulia. Usipumue!" Amesema maneno hayo kwa miaka mingi mpaka huyasema hata usingizini.

Mdogo wangu ana miezi saba. Tunamwita Bosi, kwa sababu hafanyi kazi yoyote na wote tunamtumikia. Mimi nasoma shule ya bweni, na wakati huo nilikuwa nyumbani likizo. Baba huniita Profesa. Akisema hivyo huwa hanisifu.

Ugonjwa wa Bosi ulianza kama mafua ya kawaida. Siku ya kwanza alipiga chafya na kutoa kamasi. Siku ya pili alikohoa na mwili ukawa na joto kidogo. Siku ya tatu asubuhi kifua chake kilianza kutoa sauti nyembamba, kama birika linalokaribia kuchemka. Alinyonya, akaacha ili avute hewa, kisha akanyonya tena.

Jirani yetu, ambaye ni msusi, alisikia sauti ile akiwa mlangoni. Akaingia na kitana mkononi.

"Huyo si wa kukaa naye, jirani. Wangu alipokohoa hivyo, walimpiga picha ya kifua. Picha! Ndipo wakajua."

"Wakajua nini?" Mama akauliza.

"Wakajua... wakampa dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya rangi mbili," msusi akasema, na akaona amejibu.

Baba alikuwa ameshasikia neno picha. Akatoka nyuma ya kamera.

"Jirani amesema kweli. Bila picha utajuaje? Mtu akija hapa akasema ana sura nzuri, simbishii. Namwambia kaa kwenye kigoda tuone. Vaeni viatu, twende."

Kituo cha afya hakikuwa mbali. Tulipanga foleni kwenye benchi la mbao mpaka tukaitwa. Daktari alikuwa mama mfupi mwenye saa kubwa mkononi na kalamu tatu mfukoni.

"Karibuni. Kuna shida gani?"

"Tumekuja kupiga eksirei," Baba akasema.

"Nani amewaandikia?"

"Nimeamua mwenyewe."

"Wewe ni daktari?"

"Mimi ni mpiga picha."

"Vizuri. Mpiga picha tunaye. Sasa tumtazame mgonjwa." Akamgeukia Mama. "Mpakate, mama. Mfungue vifungo vya shati. Nataka awe ametulia, asiwe analia."

Daktari akainama, akakitazama kifua cha Bosi na saa yake kwa zamu. Baba, kwa mazoea, akamwambia Bosi, "Tulia. Usipumue!"

"Apumue!" daktari akasema. "Ndicho ninachokihesabu. Sasa umenifanya nianze upya."

Alihesabu dakika nzima. Akapata arobaini na sita.

"Mtoto wa umri huu, ambaye hajatimiza mwaka, akifika pumzi hamsini au zaidi kwa dakika, huyo anapumua haraka. Huyu yuko chini ya hapo, lakini si mbali. Sasa tazameni hapa chini ya mbavu. Akivuta hewa, pangebonyea ndani, ningekuwa na wasiwasi. Hapabonyei."

Akakibana kidole gumba cha mguu wa Bosi kwa kifaa kidogo chenye taa nyekundu, kama kibanio cha nguo. Baba akasogea karibu.

"Hiyo ni kamera?"

"Ni kipimo cha oksijeni kwenye damu. Tisini na sita. Ni nzuri."

Kisha akasikiliza mapafu, mbele na nyuma, kulia na kushoto. Huku alikuwa akiuliza maswali. Je, kikohozi kilianza ghafla mtoto akiwa anacheza au anakula? Je, amepaliwa na kitu, labda njugu, shanga au kifungo? Je, alizaliwa na ugonjwa wa moyo? Kila swali Mama alijibu hapana. Kilianza na mafua tu.

"Na nyumbani, nani mwingine ana mafua?"

Wote wakanitazama. Nilijitahidi kuonekana mzima. Nikapiga chafya.

"Basi," daktari akasema. "Bosi wenu ana maambukizi ya virusi. Vimeshuka kutoka puani mpaka kwenye mirija midogo ya mapafu. Mirija hiyo ni myembamba sana. Ikivimba na kujaa kamasi, hewa hupita kwa shida, na ndiyo mnasikia ule mluzi. Wadogo kama yeye huugua hivi kwa wingi. Hahitaji picha."

Baba akakunja mikono. "Daktari, sikatai. Lakini picha itaonyesha."

"Itaonyesha vivuli. Kamasi ikiziba mrija, kipande cha pafu hukosa hewa na kusinyaa. Kwenye picha kinaonekana cheupe. Nimonia ya bakteria nayo huonekana nyeupe. Mara nyingi huwezi kuzitofautisha kwa picha peke yake. Mtu akiona weupe ule, anashtuka na kuandika antibayotiki. Antibayotiki haziui virusi. Mtoto anaharisha bure, na siku akiugua bakteria kweli, dawa inaweza kukuta bakteria wameshaizoea."

"Lakini picha ni picha," Baba akasema.

"Wewe ndiye fundi. Nikuulize. Hujawahi kupiga picha ikaonyesha kitu ambacho hakipo?"

Baba akatazama dari. Mama akakohoa, na hakuwa na mafua.

"Mwambie, Baba Bosi."

"Si lazima."

"Kuna mama mmoja alikuja kupiga picha ya kitambulisho," Mama akasema. "Taa moja ilikuwa imeungua. Kivuli cha pua kikaangukia juu ya mdomo. Akatoka na masharubu."

"Makubwa?" daktari akauliza.

"Kama ya mkuu wa jeshi."

"Mkampa wembe?"

"Hapana!" Baba akaruka. "Nilimtazama usoni. Alikuwa hana."

Tulimwona Baba akiyasikia maneno yake mwenyewe.

"Ulimtazama mtu," daktari akasema taratibu. "Na mimi nimemtazama mtoto. Nimemhesabu, nimempima, nimemsikiliza."

"Kwa hiyo eksirei ya kifua haina kazi?"

"Ina kazi kubwa, na hapa kwetu tunaitumia. Mtoto akizidiwa sana, tunapiga. Asipopata nafuu kama tulivyotarajia, tunapiga. Upande mmoja wa kifua ukisikika tofauti na mwingine, au tukihofu kwamba amemeza kitu kikaingia kwenye njia ya hewa, tunapiga haraka. Mionzi yake ni kidogo, si ya kuogopa pale inapohitajika. Ila siipigi ili moyo wa baba utulie."

Baba akacheka kidogo. Mikono ikakunjuka.

Daktari akatueleza kazi ya nyumbani. Tumtie matone ya maji ya chumvi ya dukani, yaliyotengenezwa kwa ajili ya pua, kisha tumsafishe kamasi kabla ya kunyonya. Anyonye kidogo kidogo lakini mara nyingi. Asipewe dawa ya kikohozi ya maji. Moshi usimfikie, uwe wa jiko au wa sigara. Anayembeba anawe mikono, hasa yule Profesa.

"Na sikilizeni vizuri," akasema. "Ugonjwa huu mara nyingi huzidi kati ya siku ya tatu na ya tano, ndipo upungue. Leo, kesho na keshokutwa ni siku za kufumbua macho. Pumzi zikifika hamsini, njooni. Kifua kikibonyea, njooni. Akikataa kunyonya, akilegea, akiwa mgumu kuamka, midomo ikigeuka bluu, au akiacha kupumua hata kwa muda mfupi, njooni. Msisubiri dalili mbili. Moja inatosha. Nani kwenu anaweza kuhesabu?"

"Huyu," Baba akasema, akinisukuma mbele. "Anasoma bweni."

"Kila saa moja, dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Uandike."

Nikapiga saluti.

Tuliporudi nyumbani tulikuta wanafunzi wamejaa barazani. Ilikuwa siku ya picha za kujiandikisha mitihani. Baba akaingia nyuma ya kamera, Mama akashika mkasi, mimi nikaingia chumbani na Bosi. Nilichukua daftari, nikapiga mistari kwa rula na kuandika juu kwa herufi kubwa: RIPOTI RASMI YA UPUMUAJI WA MHESHIMIWA BOSI. Chini yake:

Saa sita: 46.
Saa saba: 46.
Saa nane: 46.
Saa tisa: 46.

Kazi hii niliifanya kwa uaminifu mkubwa.

Saa saba Mama alikuja kunyonyesha. Bosi alinyonya kidogo. Saa nane alikuja tena. Safari hii Bosi alinyonya mara mbili tu, akageuza uso.

"Anapumua ngapi?" Mama akaniuliza.

Nikamwonyesha daftari, kiganja kikiwa kimefunika chini ya mstari wa saa nane.

"Arobaini na sita. Haya. Labda amechoka."

Saa tisa Bosi hakufungua hata mdomo. Mama akaenda kumwambia Baba. Baba alikuwa ameinama kwenye kamera, jasho likimtiririka.

"Kitabu kinasemaje?"

"Arobaini na sita."

"Mama Bosi, daktari alisema hamsini. Bado. Kuna wanafunzi kumi na tisa nje."

Mama akarudi kwenye mkasi. Akakata picha ya kwanza, akamwondoa mwanafunzi sikio. Akakata ya pili, akaondoa nusu ya paji la uso. Mama hakosei kukata. Akauweka mkasi mezani, akaja chumbani kwa hatua ndefu, akamfungua Bosi shati.

"Baba Bosi! Njoo! Sasa hivi!"

Kila Bosi alipovuta hewa, ngozi chini ya mbavu ilizama ndani, kana kwamba kuna uzi unaoivuta. Pua zilikuwa zimetanuka. Hakulia. Alitutazama tu, kama mtu mwenye kazi nyingi asiye na nafasi ya wageni. Mama akainyakua saa ya Baba, akahesabu.

"Sitini na sita."

"Rudia," Baba akasema. Sauti yake haikuwa yake.

"Sirudii. Lete shuka."

Tulipita studio mbio. Kwenye kigoda alibaki mwanafunzi mmoja, kidevu juu, macho yamemtoka.

"Mzee," akasema kwa shida, "nisipumue mpaka saa ngapi?"

Kwenye kituo cha afya hatukupanga foleni. Daktari alimwona Bosi mikononi mwa Mama na akatufungulia mlango mwenyewe. Kipimo cha kidoleni kikasoma themanini na saba. Wakamvuta kamasi puani, wakamwekea mrija mwembamba wa oksijeni. Daktari akasikiliza mapafu, upande huu na upande ule, bila haraka.

Nilimtazama Baba. Nilijua sasa ataidai picha, na safari hii hakuna ambaye angemlaumu.

"Daktari," Baba akasema, "unamwona vizuri?"

"Namwona vizuri."

"Basi."

Akaketi.

"Pande zote mbili zinasikika sawa," daktari akatueleza. "Bado ni ugonjwa uleule, umefika kileleni. Anachohitaji sasa ni oksijeni na maziwa. Mama, utakamua, tutampitishia kwa mrija mpaka tumboni, maana hawezi kunyonya na kupumua kwa pamoja. Asipoelekea vizuri kufikia kesho, picha nitaiandika mimi. Alianza kukataa kunyonya saa ngapi?"

"Saa nane."

"Na sasa inakaribia saa kumi. Mbona mlichelewa?"

"Daftari lilisema arobaini na sita," Mama akasema.

"Kukataa kunyonya peke yake kulitosha, mama. Daftari halinyonyi."

Baba akatazama sakafu. Mimi nikasoma bango la kunawa mikono. Nilipolimaliza nikalisoma tena.

Siku iliyofuata kipimo kilipanda. Siku ya pili oksijeni ilipunguzwa. Siku ya tatu iliondolewa kabisa, na Bosi alinyonya kwa hasira, kama mtu aliyedhulumiwa. Siku ya nne tulirudi nyumbani. Hakupigwa picha hata moja, wala hakumeza kidonge cha rangi yoyote. Kikohozi kilibaki kidogo, na daktari alikuwa ametuambia kwamba kinaweza kuchukua wiki mbili au zaidi.

Msusi alikuja siku hiyohiyo.

"Nionyesheni hiyo picha."

"Hatukupiga," Baba akasema.

"Hamkupiga! Siku zote hizo mlikuwa mnafanya nini?"

"Tulikuwa tunamtazama. Lete mtoto wako nikuonyeshe." Akamkalisha mtoto wa msusi kwenye kigoda, akamfungua shati, akainua saa. "Hamsini kwa wasiotimiza mwaka. Huyu amepita mwaka, kwake ni arobaini. Unahesabu dakika nzima na husemi neno."

"Dakika nzima bila kusema?" msusi akasema. "Mimi sitaweza. Nitamtuma mume wangu."

Siku chache baadaye tulimrudisha Bosi kwa uchunguzi. Benchi lilikuwa limejaa akina mama. Daktari akampima, akafurahi, kisha akaliona daftari kwenye mfuko wa Mama.

"Ndilo hili? Siku ile sikupata nafasi ya kulitazama. Akina mama, hebu sikilizeni. Nataka kila nyumba iwe na kitu kama hiki. Binti, waeleze."

Nilisimama. Nilisafisha koo. Niliwaeleza juu ya dakika nzima, juu ya hamsini, juu ya mbavu na kunyonya. Nilieleza vizuri sana. Nilifika mahali pa kusema "kwa hitimisho" wakati mama mmoja muuza nyanya, mwenye mtoto mgongoni, aliponyoosha mkono na kulichukua daftari. Alilisoma polepole, kidole kikifuata mstari.

"Saa sita, arobaini na sita. Saa saba, arobaini na sita. Saa nane, hiyohiyo. Saa tisa, hiyohiyo." Akaniinulia macho. "Wangu nikimhesabu mara mbili napata namba mbili. Huyu wenu ni mtoto au ni pangaboi?"

Benchi lote likacheka. Mama hakucheka. Daktari akavua saa yake, akanipa.

"Mhesabu sasa. Dakika nzima."

Nikahesabu. Thelathini na nane.

"Mara ya pili."

Arobaini na moja.

Kicheko kilikwisha. Mama alikuwa amempakata Bosi, amemgeukia yeye, lakini masikio yalikuwa kwangu.

"Ile ya saa sita niliihesabu," nikasema.

"Na nyingine?"

"Nyingine nilizijaza zote kwa pamoja, saa sita ileile. Nikanakili ya kwanza."

"Ulikuwa wapi?"

"Barazani. Nilivaa koti la wateja, nikawa naigiza mwalimu mkuu kwa wale wanafunzi. Walicheka sana. Kila walipoongezeka, nilianza upya. Nilikuwa narudi chumbani kwa mlango wa nyuma nikisikia viatu vyako."

"Nilikuja saa nane," Mama akasema. "Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Na saa tisa."

"Na saa tisa."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Na wewe msomaji, uliposoma kwamba kazi ile niliifanya kwa uaminifu mkubwa, nilikudanganya wewe pia. Nilitafuta neno la kuchekesha la kumwambia Mama. Siku zote huwa ninalo. Siku ile sikulipata.

"Macho yako yalikuambia tangu saa nane, Mama," nikasema. "Mimi ndiye niliyekufanya usiyaamini. Baada ya saa sita sikuhesabu hata pumzi moja."